Azola Huvunwa Nusu

Mama Beseni hakuwa mchoyo wa chakula wala wa maneno. Maneno ndiyo kabisa, aliyagawa bila kuombwa. Uchoyo wake ulikuwa kwenye azola. Vijani hivyo vidogo vinavyoelea juu ya maji alivianzisha kwa kiganja kimoja ndani ya beseni la kufulia, ndiko jina lake lilikotoka, na sasa vilifunika kidimbwi cha turubai chenye urefu wa kitanda, nyuma ya banda la kuku. Kila asubuhi alivuna kwa chekeche, akaosha maji matatu ili harufu ya samadi iliyoirutubisha iondoke, akachanganya na pumba. Kuku wake walitaga mayai yenye kiini cha njano iliyokolea. Mtu akiyasifia, Mama Beseni alishinda akitabasamu peke yake.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani aliyeishi chumba cha uani na kufuga bata sita. Aliomba mbegu mara mbili.

"Wifi, nipe kiganja tu. Bata wangu wananiangalia kama nawadhulumu."

"Ngoja kwanza ijae, wifi yangu."

"Ijae mara ngapi? Si hiyo imejaa?"

"Ngoja bwana."

Wifi akarudi kukanyaga cherehani yake kwa hasira. Mkono wa birika, alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika bandani.

Kisha ikaja habari kwamba bwana mifugo angepita Alhamisi ya wiki iliyofuata kuchagua kidimbwi cha kufundishia wafugaji wa mtaa mzima. Mama Beseni aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Miaka kumi na minane alikuwa mke wa dereva, mama wa watoto, jirani wa fulani. Hakuna aliyewahi kuja kwake kujifunza jambo. Akakata shauri: hatavuna tena hata chembe, ili mgeni akute zulia la kijani.

Hapo ndipo alipoharibu. Azola haipendi kubanana. Huvunwa nusu, nusu hubaki, ipate nafasi ya kuzaana. Hilo alilijua kama jina lake, ila tamaa ilimziba macho. Siku ya sita azola ilikuwa nene kama godoro. Siku ya nane ikaanza kuwa nyekundu pembeni. Badala ya kuipunguza, yeye akaona ina njaa, akaimwagia ndoo nzima ya samadi mbichi. Jumanne asubuhi kidimbwi kilikuwa cha kahawia, kinanuka hata kuku wakageuza shingo.

Akaketi juu ya ndoo akalia. Angali pale, bata wa wifi wakapita wakijitikisa, midomo yao imegandwa na vijani vya kijani kibichi. Mama Beseni akafuta machozi, akawafuata walikotoka.

Nyuma ya chumba cha wifi, chini ya kipande cha chandarua, palikuwa na pipa la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Vipande vyote viwili vilikuwa vimejaa azola.

"Umeniibia!"

Wifi alitoka na pini mdomoni, akazichomoa moja moja. "Nimekuibia. Kiganja kimoja, siku ile ulipokwenda sokoni. Ulininyima, nikachukua. Ukitaka kuniita mwizi, niite, nipo hapa."

Mama Beseni aliliinamia pipa. Hasira alikuwa nayo, lakini aibu ilikuwa kubwa zaidi.

"Yangu imekufa, wifi."

"Yote?"

"Yote. Na Alhamisi ni kesho kutwa."

Wifi aliinua kile chandarua. "Chukua nusu," akasema. "Nusu inabaki."

Jumatano nzima ilipita Mama Beseni akikomba uozo kwa koleo, akiurundika kando, akijaza maji mapya. Hata hivyo, ile mbegu haikutosha kufunika hata robo ya kidimbwi. Bwana mifugo alipofika alikuna kidevu.

"Mbegu hii umeitoa wapi, mama?"

Angeweza kusema ni yake, na asingekuwa mwongo sana. Akapiga moyo konde. "Kwa wifi yangu. Yangu niliiua mwenyewe."

Bwana mifugo akaenda kuona pipa, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akafurahi. Mafunzo yangefanyika hapo. Mama Beseni aliumia, tena sana, akaingia ndani kupika bila kumuaga mtu.

Siku ya mafunzo watu kumi na wawili walilizunguka pipa. Wifi akaombwa aeleze, akababaika.

"Mimi najua kuchukua tu," akasema. "Anayejua kazi ni mwenyewe. Wifi! Njoo huku!"

Mama Beseni akaja na chekeche lake. Alieleza kina cha maji, kivuli, kuosha mara tatu, na watu wakasogea kumsikiliza, mpaka mzee mmoja mfuga kanga akauliza: "Na usipovuna?"

Akawapeleka nyuma ya banda lake la kuku, kwenye lile rundo la kahawia ambalo hakuwa amelitupa.

"Wifi yangu aliniomba kiganja," akasema. "Nikamwambia angoje ijae. Ikajaa. Ndiyo hii."

Nyuma ya watu, wifi aliinama akajifanya anatafuta pini.