Kiwanja cha Ramula

Topista alipostaafu uaskari magereza mjini Jinja, hakurudi kwao Lira. Aliuaga mtaa wa Walukuba alikolea watoto wake, akahamia Mbale kwa binti yake aliyepanga nyumba mtaa wa Nkoma. Lumasaba, lugha ya huko, hakuijua, na Kiswahili chake cha kazini kiliwafanya watu wamwangalie kwa wasiwasi, kama aliyekuja kumkamata mtu.

Wa kwanza kumchangamkia alikuwa jirani yake Ramula, Mnubi aliyezaliwa hapo hapo. Babu yake, Bakhit, alikuja na jeshi kutoka Sudani, akajenga, akazikwa Mbale.

"Karibu, afande," Ramula alimwambia. "Kwangu Kiswahili ni lugha ya nyumbani."

Wakazoeana, wakawa wanachambua mboga pamoja barazani.

Nyumba ya Ramula ilipakana na kanisa alikosali Topista. Waumini walikuwa wameongezeka hata wengine wakasalia nje. Ndipo Mzee Kirunda wa kamati ya ujenzi alipotoa wazo: wakizunguke kiwanja cha Ramula wakiomba, kama Waisraeli walivyouzunguka Yeriko, mpaka Mungu awape.

"Hawa walitoka Sudani," alisema. "Nchi hii Mungu ametupa sisi."

Mchungaji Lawrence akakubali.

Jumapili iliyofuata Topista alizunguka nao, akiimba huku ameinamisha kichwa. Ramula akatoka mlangoni, mikono imejaa unga, akamwona.

"Afande, kuna msiba?"

"Tunaomba tu," Topista akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi niombeeni na mimi. Mguu unanisumbua."

Topista alifika nyumbani akashindwa kula.

Katikati ya juma kulikuwa na kipindi cha kujifunza Biblia. Walikuwa wanaifuata safari ya Israeli jangwani, na zamu ya kusoma ikamwangukia yeye. Musa alikuwa anawakumbusha watu jinsi Mungu alivyowakataza kuwachokoza wana wa Esau. Wapite kwa amani, chakula na maji wanunue, maana mlima Seiri alikuwa amempa Esau. Kwa Moabu pia wasiguse kitu; nchi ile aliwapa wana wa Lutu. Alipofika kwa Waamoni, akaacha kusoma.

"Endelea, mama," Lawrence alisema.

"Nimeshindwa, Mchungaji. Mungu anawakataza watu wake mwenyewe wasiguse nchi ya jirani, kwa sababu ni yeye aliyempa. Sasa Ramula, nani alimpa?"

"Wale walikuwa ndugu wa Israeli," Kirunda akadakia.

"Mimi nilipofika hapa, mzee, aliyenifanya ndugu ni Ramula. Na kama kosa ni kutoka mbali, hata mimi nimetoka mbali. Mungu aliyenileta mimi ndiye aliyemleta babu yake."

Lawrence akaichukua Biblia, akasoma pale pale peke yake, midomo ikicheza.

"Miaka yote nahubiri nchi aliyopewa Israeli," akasema hatimaye. "Sijawahi kuuliza majirani zake walipewa na nani."

Kesho yake alikwenda kwa Ramula pamoja na Topista. Kirunda naye alikuja, ingawa alibaki nyuma kidogo. Lawrence alieleza yote bila kuficha, akaomba msamaha.

"Nilielewa tangu siku ile," Ramula alisema. "Nilishamwambia binti yangu Madinah aanze kukunja nguo, tuhame."

Topista alilia. Ramula akamshika mkono, akasema Alhamdulillahi, mara ya kwanza polepole, ya pili kwa nguvu, kisha akawaletea viti.

Kanisa likaanza kusali mara mbili kila Jumapili, asubuhi na mchana, na nafasi ikatosha. Siku ya ibada ya shukrani, Topista alipeleka kikapu cha maharagwe madhabahuni. Lawrence alipomuuliza anashukuru kwa lipi, alijibu kwamba dunia yote ni ya Mungu, na humo ndani amepewa chumba kimoja Nkoma, na dirisha linalotazama kwa jirani.