Saluti ya Kapteni

Kapteni alikuwa na miaka minane na hajawahi kutamka neno. Cheo alipewa na baba yake, koplo, aliyesema mtoto anayeamrisha nyumba nzima kwa kidole kimoja hawezi kuwa chini ya kapteni.

"Na mimi je?" mkewe aliuliza.

"Wewe bado kuruta, mama watoto. Haya, fagia."

Walicheka. Enzi hizo kicheko kilikuwepo. Sasa koplo yuko kwenye operesheni, simu haipatikani, na mkewe ameketi mbele ya mwalimu mkuu wa shule ya nne. Ya nne, jamani! Jeshi linakuhamisha kama kiti, wala halikuulizi mtoto amezoea wapi. Kila wakihama Kapteni alianza upya: darasa la mahitaji maalumu kama lipo, mwalimu wake kama yupo, na machache aliyokwisha kuyashika yakabaki walikotoka.

"Mama, mwanao akifika getini anapiga mayowe mpaka madarasa yote yanasimama," alisema mwalimu mkuu, na wala hakusema kwa ubaya. "Nakupa wiki hii. Asipotulia, itabidi akae nyumbani."

Nyumbani maana yake kukaa ukutani akitikisa kichwa kutwa nzima. Mama aliaga, akatoka mle ofisini.

Siku zote jirani ndiye aliyempeleka mtoto, kwa kuwa mama huingia kazini alfajiri, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kesho yake aliomba ruhusa akampeleka mwenyewe. Njia nzima Kapteni alikuwa ametulia tuli. Walipofika getini, mlinzi, mwanajeshi mstaafu mwenye bashasha zake, akakakamaa na kupiga saluti.

"Kapteni! Karibu kazini!"

Nyuma yake mwalimu wa darasa naye akapiga saluti huku akitabasamu, na watoto wakafuata. Kapteni akajitupa chini, akaukumbatia mguu wa mama yake na kupiga yowe.

Hapo ndipo mama alipong'amua. Baba mtu akiondoka hamkumbatii mtoto, maana Kapteni akishikwashikwa huchanganyikiwa. Husimama mlangoni na begi lake, akapiga saluti, akaenda zake kwa miezi. Kwa mtoto huyu saluti haikuwa mzaha. Ilikuwa kwaheri, na kila asubuhi alikuwa akiletwa mahali ambapo kila mtu anamuaga.

"Shusheni mikono!" mama alipaza sauti. "Tafadhalini, shusheni mikono!"

Alipoeleza, mwalimu aliketi chini palepale kwenye vumbi. "Mungu wangu. Nilidhani namchangamsha."

"Hukujua, mwalimu. Mimi ninayeishi naye sikujua."

Tangu siku hiyo saluti ilipigwa marufuku shule nzima. Mlinzi, maskini, kila akimwona Kapteni alitia mikono mifukoni haraka asije akajisahau. Mwalimu alimsalimu kwa kuweka kiganja kifuani. Taratibu mtoto akaanza kuingia getini peke yake, akajifunza kuomba maji kwa vidole, na siku moja akamvuta mwalimu dirishani amwonyeshe mvua. Mama aliposimuliwa alilia kwa furaha mbele ya mashuka ya watu.

Kisha koplo akarudi, na habari za uhamisho.

"Huko kuna darasa lake?" mkewe aliuliza.

Koplo aliinamia buti zake. "Hakuna. Nimewaeleza. Wamesema jeshini hakuna kubembelezana."

"Basi waje wamwambie yeye!"

Hakuna aliyemwambia. Wote walikubaliana aachwe afurahie siku zilizobaki. Lakini Kapteni aliyaona masanduku yakifungwa kamba, na masanduku alikuwa anayajua.

Siku ya mwisho mama alikwenda kumchukua. Mwalimu alichuchumaa, akaweka kiganja kifuani na kujikaza kutabasamu. Kapteni alimtazama. Akabana visigino, akapandisha mkono hadi kwenye paji la uso. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo maishani mwake.

"Nifanyeje, mama?" mwalimu alinong'ona, mikono inaning'inia.

Kapteni alisubiri. Kisha akaushika mkono wa kulia wa mwalimu, akauinua hadi kwenye paji la uso wa mwalimu mwenyewe, akamnyoosha vidole, kimoja kimoja, mpaka vikakaa sawa.

Alipomaliza aligeuka akaelekea getini, bila kulia, bila kuangalia nyuma. Mama alimfuata, akitamani mtoto wake apige mayowe.