Kupita Cedros Mchana

Kutoka Ensenada kwenda Cabo, kusini kwenye pwani ile, hata mzembe anafika, maana upepo unamsukuma mgongoni. Kurudi kaskazini ndiko kunakomtambulisha nahodha. Upepo wa kaskazini-magharibi unampiga usoni, na boti ya injini ikishindana nao hunywa dizeli kama wageni wa harusi wanavyomaliza soda, na bado haisogei. Ndiyo maana wanaopanda kutoka Cabo huenda kama wezi: mchana wanajificha ghubani, usiku upepo ukisinzia wananyata.

Casilda Arce aliijua kazi hiyo vizuri. Safari hii alikuwa akipeleka boti ya tajiri mmoja Ensenada, na shida yake haikuwa boti. Ilikuwa baba yake.

Mzee Eleuterio alizaliwa kisiwani Cedros, akahama kijana, akazeekea La Paz. Sasa macho yalikuwa yanamwishia. Jicho moja lilishakwenda na la pili lilikuwa njiani. Aliposikia binti yake atapita Cedros, alipanda botini na kifurushi chake, akasema anataka kukiona kisiwa kabla giza halijamfungia. Na kisiwa hakionekani usiku.

"Mchana utatumaliza," alisema Nabor, binamu yake Casilda, fundi wa injini. "Mafuta yataisha katikati, turudishwe kusini tukawasalimie tuliowaaga juzi."

"Basi tutangoja mchana uliotulia."

"Nani atakwambia umetulia?"

Hilo ndilo lililomkosesha Casilda usingizi. Walikuwa wametia nanga Bahía Tortugas, na maji ya ghuba ile yamekingwa na milima. Hapo bahari hutulia hata kama nje, kwenye rasi ya Eugenia, kunachafuka. Utabiri wa kwenye simu ulisema hivi asubuhi na vile jioni. Wakabaki manahodha waliotangulia, aliowauliza kila siku kwa redio ya boti. Loo, manahodha! Mtu ametupwa huku na huku mpaka vyombo vyote vya jikoni vimevunjika, ukimuuliza anakujibu, "Aa, kaupepo tu." Pwani nzima ile hayupo mwanamume atakayekiri kwamba upepo umempiga.

Casilda akajiuliza: pale rasini Eugenia, nani hana haja ya kujisifu mbele ya upepo? Akamwita redioni Fidencia, mama wa ubatizo wa mwanawe, yaani komadre wake, aliyekaa pale rasini na mumewe Chuy, mzamiaji wa kome wakubwa wa mawe.

"Komadre, umefua leo?"

"Casilda! Unaniita mbele ya pwani nzima uniulize habari za kufua?"

"Nijibu tu, mpenzi."

"Nimefua, nimeanika ndani. Jana suruali ya Chuy iliruka ikaenda zake baharini, hata kuaga haikuaga."

Dakika chache kabla, nahodha mmoja alikuwa ametangaza kwamba rasini ni shwari. Casilda hakung'oa nanga.

Kesho yake nguo zilianikwa ndani tena. Na keshokutwa. Nabor akapata wimbo. "Subira yavuta heri, dada, lakini hii yako inavuta mashuka. Nahodha gani anaongozwa na chupi za watu?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini jioni ile, jua likiwa bado juu ya mlima, aliuliza kwa nini hawajawasha taa. Nabor akaacha kutafuna. Casilda alimpakulia baba yake maharage na tortila, akamshikisha kijiko. Kumbe upepo haukuwa ukiwachelewesha tu. Ulikuwa ukimla mzee macho.

Asubuhi moja Fidencia ndiye aliyeanza kuita. "Komadre! Mashuka yamelala nje usiku kucha. Yananing'inia kama yamekufa, hata pindo halitikisiki. Na Chuy na wenzake wote wameshaingia majini. Njoo!"

Wakang'oa nanga. Rasi waliipita kwenye maji laini kama mafuta yaliyotulia sufuriani. Kisha Cedros ikainuka mbele yao, kubwa, nyekundu, ukungu kidogo kileleni penye misonobari. Casilda akasogeza boti karibu na ufuko kadiri alivyothubutu. Baba yake alikuwa mbele, ameshika chuma cha ukingoni kwa mikono miwili.

Alitazama sana. Halafu akauliza taratibu, "Casilda, kiko wapi?"

Casilda akamwachia Nabor usukani, akaenda akamgeuza kidevu. "Hapo, baba. Kimejaa mbele yako."

"Naona weupe tu."

Casilda alilia. Mzee hakulia. Aliinamisha kichwa upande, akasema, "Zima injini."

"Mjomba," alisema Nabor, "utulivu huu si wa kuchezea. Yule bwana upepo ataamka sasa hivi, na ghuba nzima ya Vizcaíno hatujaivuka."

Casilda alirudi usukanini, akazima.

Sili ndio waliosikika kwanza, mamia yao, wakigombana juu ya miamba. Kisha mawimbi madogo yakiburura kokoto. Kutoka mlimani ikashuka harufu ya misonobari iliyopata jua.

"Wamo," mzee alinong'ona. "Hawa hapa chini ya nyumba yetu. Mama alikuwa akiwatukana kila asubuhi, wanyamaze watoto walale." Akatabasamu, sikio amelielekeza ufukoni. "Msiseme kitu."

Mbali, kaskazini-magharibi, maji yalianza kukunjamana kwa upepo, na mkunjo ule ukawa unakuja. Nabor aliuona. Akamtazama Casilda, akaenda kuchemsha kahawa.

"Bado kidogo," alisema mzee.

"Kaa utakavyo, baba," alisema Casilda, na mkono wake haukuugusa ufunguo wa injini.