Waya wa Simu ya Germain

Begi la Evodie lilikuwa tayari mlangoni, karai la mandazi ndani yake. Kesho yake motari angempeleka kwa pikipiki Manono, akauze mandazi kwenye machimbo. Mjukuu wangu huyu ana diploma miaka mitatu sasa, kazi hakuna. Alibakiwa na nafasi moja: shirika moja la hapa Kalemie lilitafuta muntu wa kuandika ripoti, na mtihani wake ungefunguliwa siku hiyo saa tisa kamili kwenye internet. Kwa kompyuta tu, simu hawakubali.

Kompyuta tulikuwa nayo, ya mkono wa pili, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ila betri ilijaa. Simu ya Evodie ilikuwa na mega za internet za kutosha. Ilibaki simu itoe wifi, kompyuta iipokee. Kompyuta haikuona kitu.

"Papa Siméon," Evodie akasema, "ulitoa Windows, ukaniwekea Linux yako. Wifi iko wapi?"

Siméon, fundi wa mtaani kwetu, alikuwa ameketi kwenye kiti changu, jasho puani. "Windows yako ilijaa virusi kama mbwa wa sokoni anavyojaa viroboto. Linux haina kosa. Ni wifi njo inakosa pilote."

Niliuliza hiyo pilote ni nini. Akanieleza bila kunidharau: kila kifaa ndani ya masini kina programu ndogo ya kukiendesha. Ya wifi hii haikuja na Linux, lazima ichukuliwe kwenye internet.

"Na internet itaingia wapi, kama mlango wenyewe umefungwa?"

"Kwa waya, Mama. Simu itapitisha internet kwenye waya wa kuchajia, tuchukue pilote, kisha wifi itaamka."

Alichomeka waya mpya wa Evodie. Simu ikachaji, kompyuta kimya. Akachomoa, akarudia mara tatu. "Huu unapitisha umeme tu," akasema. "Nyuzi nyingine hawakuweka."

Ilikuwa saa nane na dakika tano.

Wajukuu hunicheka kwa kuwa situpi vitu. Chini ya kitanda nina kopo la maziwa ya unga, na humo kuna vifungo vya makoti, ufunguo wa kufuli iliyokwisha kufa, na waya wa simu ya marehemu mume wangu Germain. Shingo ya waya huo ilivunjika, Germain akaifunga kwa plasta nyeupe ya dispansari.

Siméon akauchomeka. Alama ikatokea kwenye kioo.

"Koko, inaongea!" mjukuu wangu akaruka. Alama ikapotea.

Nikaushika mimi, kwa vidole viwili, nikaukunja kidogo upande wa dirisha, kama Germain alivyofanya. Alama ikarudi.

"Usitikisike, Mama."

"Nimechambua visamaki vya ndagala, nikitoa mchanga, miaka arobaini. Wewe fanya kazi yako."

Pilote ikaanza kuingia: asilimia tano. Kumi na mbili. Network ilitembea kama mama wa mimba ya miezi tisa. Nzi akatua mkononi mwangu, nikamwacha. Siméon alitaka kunipokea, nikakataa. Ana mikono ya haraka. Tisini na nane ikakwama, Evodie akafunika uso kwa kitenge. Halafu ikamalizika.

Saa tisa kasoro dakika nne, Siméon alizima masini, akaiwasha tena. Jina moja likatokea kwenye orodha ya wifi: Evodie. Akaiweka simu dirishani, akatoka nje kwa ncha za vidole.

Mutoto aliandika, aliandika. Katikati akageuka, akanitazama, akacheka.

"Koko, achilia."

Nikaangalia. Simu ilikuwa imeshachomolewa zamani, na mimi nilikuwa bado nimekunja waya upande wa dirisha.

"Andika," nikamwambia. Sikuachilia mpaka alipomaliza.

Asubuhi motari alipiga honi. Evodie akatoka nje na kanga kifuani, akamwambia: "Pita Jumatatu, Papa. Wametuambia majibu ni Ijumaa."

Begi lake liko mlangoni bado. Ila karai amelitoa, na mandazi ya leo tumekula sisi wenyewe, pamoja na Siméon.