Mashine bila moteur, baiskeli bila chambre

Mwaka 2003, mwezi wa saba, tuliporudi Saio, mutaa wetu katika Bunia, kutoka kukimbia vita ya makabila, nilikuta nyumba yangu ingali na mabati yake kumi na mbili. Jirani wengine hawakukuta hata misumari. Na baiskeli ya marehemu mume wangu niliikuta pia, kwa sababu mbele ya kukimbia niliifungua vipande vipande, nikaifunga na plastiki, nikaishusha katika shimo la choo kipya ambacho hakuna mutu alikuwa ameingia bado. Wenye bunduki walibeba kuku, sufuria, hata picha yetu ya ndoa. Katika choo hawakutazama.

Mutoto wangu Isidore ni menuisier, seremala. Atelier yake, pahali pake pa kazi, ni pale pale kwetu, chini ya kibanda nyuma ya jiko. Juma ile, directeur wa shule ya musingi, shule ambayo miye nilisoma mupaka mwaka wa ine, alikuja kumwona. Mabanc yote, yale madawati ya wanafunzi, watu walikuwa wameyafanya kuni za kupikia wakati wa kujificha mule. Alitaka mabanc sitini mbele ya mwezi wa tisa, yenye miguu ya kupinda kama yale ya zamani.

"Na musumeno wa mukono utamaliza banc moja kwa siku ngapi?" alimuuliza.

"Tatu."

Directeur alihesabu kichwani, akacheka kidogo. "Siku ya kwanza ya juma ijayo, asubuhi, nitapita hapa. Nikikuta mashine ya kukata mbao inazunguka, kazi ni yako. Nisipoikuta, ninaenda kwa menuisier yule wa mutaa wa Mbunya."

Alipotoka, Isidore aliniambia bila kunitazama: "Mama, kama mashine haiko, siku hiyo hiyo ninapanda lori ya Mongbwalu. Nitachimba dhahabu kama wengine."

Mukubwa wake alienda kule kuchimba. Walichoturudishia ni viatu vyake. Na mufuko wa Isidore ulikuwa umefungwa tayari, uko nyuma ya mulango, na kila asubuhi nikifagia ilinipasa kuusogeza.

Siku ya tano ya juma ile tulienda kwa Augustin, mwenye kuuza vyuma vya zamani nyuma ya soko. Franga hatukuwa nazo, tulimwambia tuko na baiskeli na mabati tu. Alikuwa na misumeno miwili ya mukanda. Asiyeujua, nimweleze: ni wembe murefu wenye meno, umeunganishwa ncha kwa ncha kama bangili kubwa, unazunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu, moja chini. Unasukuma mbao katikati na inakatika hata kwa kupinda, kama makasi kwenye kitambaa.

Moja ilikuwa ya rangi ya kijani, inang'aa, na moteur yake ya umeme. Ingine ilikuwa na kutu kama sufuria iliyosahauliwa nje. Moteur haiko, wembe pia. Ule mupira wa kuzunguka magurudumu, panapokaa wembe, nao ulikuwa umekwisha.

"Ya kijani, mama, ni baiskeli yako na mabati yako yote," Augustin alisema. "Ile ya kutu hata usiitazame. Ile ni ya kufungia mbuzi."

Macho ya Isidore yalikuwa kwa ile ya kijani. "Mama, tulale chini ya plastiki miezi mbili tu. Nitakurudishia mabati."

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Augustin, nipe kiti."

"Kiti ya nini? Mama muzee, mashine si muchumba, haiulizwi ukoo wake!"

Watu walicheka. Nilikaa. Nilifungua fundo la kitenge changu, nikatoa kipande cha chaki. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, na miaka makumi mbili na sita ni miye nilimushikia chaki. Unaiweka karibu na ukingo wa gurudumu bila kutetemeka, yeye anazungusha. Chaki ikigusa pande zote, gurudumu ni zima. Ikigusa pahali pamoja tu, limepinda. Na ile mashine niliiona ni baiskeli tu, imesimamishwa wima, na wembe ndio munyororo wake.

"Isidore, zungusha ya kijani."

Gurudumu la juu lilikuwa zima. La chini lilipiga chaki, tak, likanyamaza, tak, likanyamaza. Aliposimamisha, alama ilikuwa pahali pamoja, upana wa kiganja.

"Hii ilianguka," nilisema.

"Kidogo tu, mama," Augustin alisema. "Toka juu ya lori."

"Na lori ilikuwa imesimama?"

Hapo walimucheka yeye.

Isidore alizungusha ile ya kutu. Mara ya kwanza ililia. Tulitia mafuta ya mawese kidogo, tukangoja, tukazungusha tena. Chaki iliandika muviringo muzima, chini na juu, mwembamba, sawa na uzi. Nilirudia mara tatu, maana haraka si dada yangu.

"Lakini mama, haina moteur!" Isidore alinong'ona.

"Na courant, umeme wa kulisha moteur, unaiona wapi katika Bunia hii? Nyuma ya ukuta wetu kuna nini?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu turudi. Nyuma ya ukuta wetu kuna mashine ya kusaga ya jirani yangu Godelive, na injini yake ya mazuti, ile dizeli. Miezi ile mahindi hayakuwa yanafika toka vijijini, injini ilikuwa inasinzia.

"Augustin, hii ya kutu nitakupa baiskeli, mabati nabaki nayo. Wembe wa ile ya kijani uongeze juu." Nilikuwa nimekwisha kuupima na uzi wa kushonea, urefu wake na muzunguko wa ile ya kutu ni mumoja. "Na chambre à air za baiskeli, ile mipira ya ndani ya kutia upepo, zote mbili ninazitoa."

"Baiskeli bila chambre? Nitaipanda namna gani?"

"Mashine yako iko bila moteur. Tuko sawasawa."

Alikuna kichwa, akacheka mupaka akashika tumbo. "Beba, mama. Beba mbele sijalia."

Zile chambre, Isidore alizipasua, akazivalisha magurudumu ya mashine, zikawa mupira wake mupya. Zilikaa kama soksi. Kisha ilibaki ukuta. Wakati ule, katika Bunia, watu walikuwa wanaziba matundu ya kuta zao, na Godelive na siye hatukuwa kabila moja. Nilienda kumuuliza. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na shoka yake mwenyewe.

"Nitoboe upande gani?"

Tulitoboa tundu mbili ndogo, moja ya kupitisha mukanda wa injini ukienda, moja ukirudi.

Siku ya kwanza, directeur alifika mapema, mikono nyuma. Lori ya Mongbwalu tuliisikia inapiga honi kule barabarani. Godelive aliwasha injini. Mukanda ulipita ukutani, gurudumu likazunguka, na wembe ukaruka, ukaanguka chini. Directeur alitazama saa yake. Lori ilipiga honi tena.

"Pole pole," nilimwambia Isidore. "Baba yako angefanya nini munyororo ukitoka?"

Aliinamisha gurudumu la juu kidogo kidogo, robo ya kidole. Akarudisha wembe, akanipa ishara, nikapaza sauti tunduni: "Washa!"

Wembe ulikaa. Ulikaa pahali pake kabisa, ukaimba. Isidore alisukuma mbao, akaipinda, na muguu wa banc ukatoka mikononi mwake muzima, mbele injini haijamaliza kukohoa. Wa pili. Wa tatu. Godelive alipiga vigelegele tunduni: "Leo tunasaga mbao!"

"Mabanc sitini," directeur alisema, na akamushika Isidore mukono kwa mikono yake miwili.

Augustin naye alikuja kuona, anatembea kwa muguu na kusukuma baiskeli yangu. "Mama, nirudishie ile ya kutu. Nitakupa ya kijani na baiskeli juu!"

"Ile moteur yake ifunge kwa baiskeli," nilimujibu, "ikuvute mupaka nyumbani."

Lori ilienda, vumbi yake tuliiona. Mangaribi Isidore alikuwa anatafuta kitu cha kutia unga wa mbao, ulikuwa umefika kwa magoti. Alienda nyuma ya mulango, akafungua mufuko wake, akamwaga nguo zote juu ya kitanda changu, akaushika wazi mbele yangu.

"Mama," alisema, "tia."