Nyumba ya Watu Wakimya

Hakujapambazuka bado, na kijiko kilikuwa kikikwangua taratibu chini ya sufuria ya uji. Bibi Kerttu alikoroga kwa uangalifu asiwaamshe binti yake Hilkka na mkwewe Veikko. Mjukuu wake Oiva, wa miezi kumi, alikuwa macho, ameketi sakafuni na gari lake la mbao, mgongo ameupa jiko.

Mfuniko ukamponyoka bibi. Ukaangukia kwenye sinki la bati, ukalia kama kengele ya kanisa.

"Kuna nini huko?" Veikko akapaza sauti chumbani.

"Mfuniko tu, mwanangu. Lala."

Oiva hakugeuka. Hata bega halikumshtuka.

Bibi Kerttu aliacha kukoroga. Pale Kainuu, kaskazini mwa Ufini, mtoto mkimya ni mtoto mwema, na majirani walikuwa wakimsifu huyu. Mchana walimlaza nje kibarazani katika kigari chake, ndani ya blanketi la sufu, apate hewa ya baridi kama watoto wote. Trekta la kusukuma theluji likipita likinguruma, yeye alilala fofofo.

"Kanifuata mimi," Veikko alikuwa akitamba. "Neno moja linanitosha mpaka Krismasi." Wakacheka, na bibi naye akacheka.

Lakini mtoto huyu alikuwa na maneno yake zamani. Ba-ba-ba asubuhi, da-da jioni. Kisha ikaja ile homa kali ya vuli, akalazwa, akapona, wakamshukuru Mungu. Sauti zikamwisha kidogo kidogo, wala hakuna aliyeuliza. Katika nyumba ile ukimya haukuulizwa ulikotoka.

Bibi akapiga mguu sakafuni, puu! Oiva akageuka, akatabasamu. Ah! Moyo ukamrudi mahali pake. Halafu akaona uji ukitetemeka sufuriani, akaelewa. Mbao za sakafu ndizo zilizomwita mtoto. Akampakata, akapiga makofi nyuma ya kisogo chake. Oiva akaendelea kunyonya kidole.

Kaka yake bibi, Eino, alizaliwa kiziwi. Uziwi wenyewe haukumtisha Kerttu, maana Eino alijenga nusu ya nyumba za kijiji. Alichokiogopa ni ile meza ya kwao. Miaka nenda miaka rudi Eino alikaa pale kama mpita njia, akitazama midomo ya ndugu zake, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyejifunza kusema naye kwa mikono. Kerttu naye hakujifunza.

Hilkka alipoingia, bibi alimwambia kwamba mtoto hasikii.

"Mama, usimchurie mwanangu! Ni mtulivu tu."

"Basi mwite. Simama nyuma yangu umwite."

"Oiva." Kimya. "Oiva, mpenzi." Kisha akapiga kelele, "Oiva!"

Mtoto alikuwa akiitazama taa.

Veikko alikuwa amefika mlangoni, povu la kunyolea likimchuruzika shingoni. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, akamgusa shavu, na Oiva akacheka bila sauti. Kisha Veikko akatoka na shati jepesi kwenye baridi ile, akaliwasha gari lipate joto kabla mtoto hajabebwa.

Kliniki, daktari alisema masikio yote mawili hayasikii. Vifaa vya kusikilizia vipo, vitazungumzwa, lakini lugha isingoje vifaa. Mtoto anaihitaji sasa, na mikono inaweza kumpa. Muuguzi aliyemwona Hilkka hawezi kufunga vifungo vya koti lake alimfungia kimoja kimoja, kama mtoto.

Ndipo akaja Annikki, mwalimu wa lugha ya alama, kiziwi mwenyewe. Bibi Kerttu alimfungulia mlango. Na hivi vidole vyake, vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, vitajifunza nini uzeeni? Wakati unapita. Eino mwingine anakua pale sakafuni.

Annikki aliketi chini, uso kwenye mwanga wa dirisha, akangoja. Hakumvuta mtoto. Oiva alipomtazama, akamwonyesha maziwa, kisha akakunja na kukunjua ngumi, ndiyo alama ya maziwa, mara nyingi, akitabasamu. Oiva akasahau gari lake. Akaitazama ile ngumi, akainua mkono wake mwenyewe mbele ya macho, akaugeuza huku na huku kana kwamba ndiyo kwanza apewe.

"Kaona?" Hilkka akanong'ona.

"Kaona," akasema Veikko. Naye akaanza kukunja ile ngumi yake kubwa ya mkata magogo.

Bibi alijaribu pia. Vidole viligoma. Annikki akavishika, akavipasha joto viganjani mwake, akavikunja polepole mpaka vikatii.

Annikki alipokuwa akivaa viatu vyake aondoke, hofu ilimrudia Bibi Kerttu. Maziwa tu! Na maneno mengine yote ya duniani? Akamwahi mlangoni, akamgusa bega ageuke. Akamwelekezea kidole, akaonyesha sakafu ya nyumba ile, kisha akaivuta hewa kuelekea kifuani kwa mikono yote miwili: njoo, njoo tena.