Mfuko wa Upande wa Kulia

Shati lile nusura niliunguze. Nilikuwa napiga pasi kwa dobi, mama mmoja anayefoka hata akiwa amefurahi, ambaye kwa miezi minane alikuwa ananiachia baraza lake nitandike maboksi nilale, mradi nisikorome. Ndipo nikauona mfuko wa kifuani. Ulikuwa upande wa kulia.

Mtu wa kushona mfuko upande huo nilimjua mmoja tu: mama yangu. Na alimshonea mtu mmoja tu, mimi, kwa sababu natumia mkono wa kushoto na hakutaka nihangaike kuchomoa kalamu. Sasa mama yuko kaburini. Shati hili je?

"We Kushoto! Unaunguza nguo ya watu!"

"Samahani, mama. La nani hili?"

"La mlinzi wa benki. Kalalamika huyo! Eti fundi kamgeuzia mfuko. Fundi mwenyewe dada mmoja mkali, yuko nyuma ya soko."

Dada mkali namjua, tumenyonya ziwa moja. Kumbe cherehani ya mama hakuiuza.

Niseme ukweli, nimechoka kuubeba. Siku mama alipozidiwa, dada alinituma dawa, mbio. Njiani nikawakuta washikaji wanacheza drafti. Nikasema mchezo mmoja tu. Mmoja tu, mpumbavu mimi! Niliporudi mama alikuwa ameshafunikwa shuka, na dada akaniambia nitoke mbele ya macho yake. Nikatoka, nikatoka moja kwa moja. Hata kumzika sikumzika. Ningesimamaje mbele ya kaburi la mtu niliyemuua kwa kete?

Dobi aliponiona nimelikodolea shati macho alininyang'anya pasi. "Nenda. Lakini uoge kwanza, usiniaibishe."

Dada alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni. Hakuinua kichwa.

"Kama umetumwa na mlinzi, mwambie mfuko nitambadilishia."

"Dada, ni mimi."

Pini zilimwagika zote. Alinitazama kuanzia unywele hadi ndala, halafu akanishika mashavu kwa nguvu mpaka yakauma.

"Umekondaje hivi, mshenzi wewe?"

Akatungua shati lililotundikwa ukutani. Kitambaa kipya, kola imekaa, mfuko upande wa kushoto. "Nilishona mawili siku moja, la mlinzi na lako. Mawazo yakawa mbali, nikawachanganyia mifuko."

"Langu mimi?"

"Ungerudi ukavaa nini?"

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: drafti, washikaji, mchezo mmoja tu. Nikasubiri anitimue kwa mara ya pili.

Dada alikaa chini polepole. "Ndicho kilichokuweka huko siku zote hizi? Mama alikata roho hata hujavuka barabara. Nilikuita dirishani mpaka sauti ikanikauka. Ungekwenda kwa mabawa usingemkuta."

"Lakini ulinifukuza."

"Siku ile nilimfukuza kila mtu! Shangazi pia nilimfukuza. Mwenzako akaenda jikoni kuchemsha maji, wewe ukapotea miezi minane!"

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sauti mpaka muuza ndoo wa kibanda cha pili akachungulia. Kitu kilichonikaa kifuani tangu siku ile kilitoka, nikavuta pumzi hadi ikafika mwisho. Sikumuua mama. Nilirudia mara mbili kwa sauti, na dada akaitikia kila mara: "Hukumuua."

Kisha akafuta kamasi kwa kiganja. "Haya, na hiyo drafti yenyewe, ulishinda?"

"Nilifungwa."

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, machozi bado yananitiririka. Halafu akachukua tepu yake ya kupimia, akaniambia ninyooshe mikono, kwa maana shati lilikuwa kubwa mno na hatuwezi kwenda kaburini kwa mama nikiwa nimevaa gunia.